Mwanagenzi wa Jumapili

Jumapili ya kwanza ya muhula, theluji ikiwa imelala barazani kama unga uliomwagika, Tobin Radke alipanda ngazi za jumba la udugu, chama cha wanafunzi wa kiume wa chuo, akiwa amevaa suti aliyonunuliwa kwa mahafali ya sekondari na tai nyekundu iliyofungwa na mkono wa mtu mwingine. Alipanda kwa zamu: kwanza mkongojo, kisha mguu wa kulia, kisha ule wa kushoto, ambao aliuburuta kama mtu anayemvuta mtoto mkaidi. Barabarani, gari la mama yake lilinguruma bila kuzimwa. Mama mwenyewe hakushuka. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama anayengoja taa zibadilike mahali pasipo na taa.

Everett Kuhlman, mwenyekiti mpya wa tawi, ndiye aliyefungua mlango.

"Nimechelewa?" Tobin aliuliza. Maneno yalimtoka polepole, mazito, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Mama kanichelewesha. Hamjaanza bado?"

"Kuanza nini, Tobin?"

"Kuapa, bwana! Leo si ndiyo siku yetu ya kuingizwa?"

Everett alimtazama. Koti lilikuwa limempwaya mabegani. Chini ya fundo la tai kulikuwa na kovu dogo la mviringo, pale mpira wa kupumulia ulipoingizwa kooni, na lile kovu lilipanda na kushuka kila alipomeza mate. Lakini macho yalikuwa yaleyale ya kijana wa mwaka wa kwanza aliyefika katika jumba lile akisalimia kila mtu mara mbili.

"Imeahirishwa," Everett alisema. Neno lilimtoka kabla hajalichagua.

"Mpaka lini?"

"Hatujajua."

Tobin alilifikiria jambo hilo, kisha uso ukamchanua. "Basi Jumapili ijayo," alisema. "Nisalimie wenzangu." Akageuka, akaanza safari ndefu ya kushuka ngazi. Everett alifunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumbani alimolala mgonjwa, akasimama nyuma ya pazia mpaka gari lilipoondoka.

Mjini kwetu, mji mdogo uliozingirwa na mashamba ya mahindi katikati ya Indiana, hakuna asiyejua yaliyotokea katika jumba lile Novemba ya mwaka mmoja na ushei kabla ya Jumapili hiyo. Wanagenzi, wale wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakiomba kuingizwa katika udugu, walifungiwa katika chumba cha chini ya nyumba. Kila mmoja akakabidhiwa chupa ya wiski, akaambiwa hatoki mpaka aone kitako cha chupa. Tobin, mtoto wa dereva wa basi la shule, ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka bia ya pili, alimaliza wa kwanza. Wakubwa wa jumba walimbeba juujuu wakimshangilia. Alipoanza kulegea walimlaza kwenye kochi, wakamvalisha mgongoni mkoba uliojaa vitabu ili asigeuke chali akapaliwa na matapishi yake, kisha wakaenda kulala. Asubuhi walimkuta midomo imegeuka rangi ya samawati.

Hakufa. Ubongo wake ulikosa hewa kwa muda ambao madaktari waliukadiria kwa kutazama dari. Alipozinduka, baada ya majuma mengi, alikuwa na kumbukumbu yote ya maisha yake hadi jioni ile. Baada ya hapo kila kilichoingia kilipita kama maji kwenye chekecheke. Aliambiwa yaliyompata, akalia, akalala, akaamka akiuliza kwa nini mguu wake hauendi.

Wawili kati ya wakubwa waliokuwa chumbani walikaa jela ya wilaya. Wengine walifukuzwa chuo, na wengine wakahama kimyakimya. Tawi lilifungiwa mwaka mzima. Sasa lilikuwa limefunguliwa kwa masharti, na udugu uliokuwa ukijaza jumba mpaka watu wakalala ushorobani ulibaki na vijana kumi na wawili waliokula kwenye meza ya watu arobaini.

Usiku ule wa Novemba Everett alikuwa mji wa Fort Wayne, kwenye harusi ya dada yake. Kwa sababu hiyo, zaidi ya nyingine yoyote, walimchagua kuwa mwenyekiti. Alikuwa mtoto wa mfugaji wa nguruwe, mrefu, mpole wa sauti, mzoefu wa kuamka alfajiri. Na mikono yake, watu walisema, ilikuwa safi. Walilisema hilo mbele yake kama sifa, naye kidogo kidogo akaanza kuliamini kama sifa.

"Kijana wangu," Bwana Boyce alikuwa amemwambia kwa simu kabla ya muhula kuanza. Huyu alikuwa wakili kule Indianapolis, mwanaudugu wa zamani, na ndiye aliyekuwa akilitetea tawi katika kesi ya familia ya Radke. "Nakuomba jambo moja tu. Usizungumze na mtu yeyote wa nyumba ile. Hata salamu. Salamu nayo hugeuzwa ushahidi. Wewe tengeneza tawi, mengine niachie mimi."

Naye Everett akalitengeneza tawi. Walipaka rangi baraza. Wakatoa makochi ya chumba cha chini, wakayachoma uani bila kusema neno, na chumba wakakigeuza maktaba. Walisoma pamoja kila jioni mpaka alama zao zikapanda kuliko za nyumba nyingine zote za mtaa ule. Februari walipika chapati za maji kwa ajili ya wazima moto wa mji, wakachangia damu, wakawaondolea theluji wazee wa mtaa wa nyuma. Walipata wanagenzi wapya watano, wakawalea kwa chai na nyimbo. Mshauri wa wanafunzi alipita siku moja, akasimama sebuleni akivuta hewa puani kama mtu anayetafuta harufu fulani na kuikosa, akasema, "Hongereni. Kwa kweli hongereni."

Na kila Jumapili, saa sita mchana, Tobin alipanda ngazi na tai yake nyekundu.

"Imeahirishwa," Everett alimwambia.

"Mpaka lini?"

"Hatujajua."

"Basi Jumapili ijayo."

Wenzake walijifunza kuwa mahali pengine saa hiyo. Jumapili moja mwishoni mwa Februari, Everett alipofungua kinywa kulitamka lile neno lake, mlango wa gari ulifunguliwa kule barabarani. Marlene Radke alishuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye koti la kazi lenye nembo ya mabasi ya shule. Alipanda ngazi haraka, akamshika mwanawe kiwiko.

"Nenda kanisubiri garini, mwanangu. Nina neno na huyu."

Tobin aliposhuka, mama alisimama akivuta pumzi. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo, mama. Ila mimi siruhusiwi…"

"Najua huruhusiwi. Na mimi wakili wangu kanikataza. Basi tusizungumze. Nisikilize tu." Alilitazama jumba kuanzia chini hadi kwenye herufi tatu za Kigiriki, jina la udugu, zilizopigiliwa juu ya mlango. "Nyumba hii naichukia. Nikipita na basi langu nikaiona inaungua, sisimami. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lakini kila asubuhi anaamka ananiuliza, mama, leo Jumapili? Hana pengine anapotaka kwenda. Sinema hataki, kanisani hataki, kwa shangazi yake hataki. Hakumbuki mlichomfanyia. Anachokumbuka ni kwamba hapa alipata marafiki. Kule sekondari hakuwa nao, sijui kama alikwambia. Siku moja alinipigia simu akitokea hapa hapa barazani, akaniambia, mama, hawa watu wananicheka kwa wema." Alilivuta koti lake mabegani. "Sasa niambie wewe. Mguu nimeshamnyima, masomo nimeshamnyima, mke na watoto labda nimeshamnyima. Nimnyime na hii?"

"Si wewe uliyemnyima, mama."

"Basi nani?"

Upepo ulipita barazani ukiwa na harufu ya rangi mpya. Everett aliyatazama yale mabega madogo ndani ya gari, na tai iliyong'aa nyuma ya kioo, akasikia aibu ya ajabu, ile ya mtu aliyegundua kwamba amekuwa akitembea hadharani vifungo vimefunguka.

"Tuna nyama ya kuoka," alisema hatimaye. "Na viazi. Mwambie aingie ale."

"Na mimi?"

"Na wewe, mama."

"Mimi sitii mguu humo," Marlene alisema, akarudi garini kumwita mwanawe.

Ndivyo Tobin alivyopata kiti. Jumapili ya kwanza vijana walikula kama watu walio msibani, wakipitishiana chumvi kwa heshima ya kupita kiasi. Jumapili ya tatu walikuwa wamezoea. Tobin alisimulia kisa kilekile cha mbuzi wa jirani yake aliyekula bendera ya shule, nao walicheka mahali palepale, na hapo kicheko chao kilikuwa cha kweli, kwa kuwa yeye alikifurahia kila mara kama kipya. Aliwauliza majina. Aliuliza kuapa ni lini. Na kila mara, akipepesa macho mezani, aliuliza: "Grady yuko wapi? Mbona simwoni Grady?"

Grady Tillotson alikuwa jikoni, au uani, au amekwenda kununua kitu ambacho hakikuhitajika. Zamani alikuwa mchekeshaji wa jumba, kijana mwenye nywele nyekundu na kelele za kutosha nyumba mbili. Chuo kilimsimamisha muhula mmoja tu, kwa sababu ndiye aliyepiga simu ya gari la wagonjwa asubuhi ile, naye alirudi akiwa amepungua kila kitu: kilo, maneno, usingizi. Siku za Jumapili alitoka kwa mlango wa nyuma gari la Marlene lilipokunja kona.

Bwana Boyce alipopata habari alipiga simu akiwa amekasirika kwa adabu. "Unamlisha mlalamikaji, kijana wangu? Kwenye meza yetu? Unajua hilo litasomekaje mbele ya mahakama?"

"Linasomeka kwamba alikuwa na njaa," Everett alisema.

"Umeanza kuwa mjeuri," Boyce alisema, akakata.

Katikati ya Aprili, siku ya Jumapili, makao makuu ya udugu yalimtuma mgeni, mtu mwenye viatu vilivyong'aa na kicheko cha mfanyabiashara, kuja kuamua kama tawi litaondolewa masharti yake. Alikagua vyumba. Alishuka kwenye maktaba ya chini, akapapasa rafu, akapiga picha. Wakati wa chakula alisimama na gilasi ya chai ya barafu mkononi.

"Nimetembelea matawi mengi," alisema, "na mengi yaliyoanguka hubaki chini. Ninyi ni tawi la mfano. Nitawaandikia makao makuu hivyohivyo." Walipiga makofi. Kisha macho yake yakamfikia Tobin na mkongojo wake. "Na huyu kijana mtanashati ni nani?"

Meza nzima ilimgeukia Everett. Alijua jibu. Jibu lilikuwa na maneno machache na lingechukua muda mfupi kulitamka. Lakini alilifikiria tawi, na muhula mzima wa koleo na rangi na chapati, na uso wa mgeni uliokuwa tayari kutabasamu.

"Ni rafiki wa jumba," alisema.

"Karibu sana, rafiki!" mgeni akasema, akamnyooshea Tobin mkono.

Tobin hakuupokea. "Mimi si rafiki," alisema kwa mshangao, polepole, akimtazama Everett kana kwamba amesikia vibaya. "Mimi ni mwanagenzi. Everett, si unajua? Mwambie. Mimi ni mwanagenzi."

"Ah, sawa, sawa," mgeni alisema, akaupeleka ule mkono kwenye gilasi. Kisha kitu kikamjia usoni, kwa kuwa kisa cha mwanagenzi Radke kule makao makuu hakikuwa kigeni, na kuanzia hapo hakumtazama tena Tobin wala hakumaliza chakula chake.

Kesho yake Tobin alikuwa ameshasahau. Everett hakusahau. Sentensi ile ya "rafiki wa jumba" ilimfuata darasani, ikalala naye. Alikuwa amejenga muhula mzima juu ya jambo moja, kwamba yeye hakuwepo. Na sasa alikuwepo, mchana kweupe, mashahidi kumi na saba wakiwa mezani.

Jumamosi iliyofuata tawi lilikwenda kusafisha kijito nyuma ya maghala ya nafaka. Everett na Grady walijikuta wawili kwenye kona moja, maji yakiwafika magotini, wakilivuta gurudumu la trekta lililozama kwenye matope.

"Jumatatu nataka tupige kura," Everett alisema. "Tumwapishe Tobin pamoja na wale watano."

Grady aliendelea kuvuta. "Ili iweje?"

"Anataka."

"Anataka kwa kuwa hajui."

"Anaambiwa, Grady. Mama yake humwambia. Anasahau."

Gurudumu lilichomoka ghafla, nusura liwaangushe wote wawili. Walilikokota hadi kwenye nyasi, wakakaa juu yake wakitweta, matope yakiwachuruzika mikononi.

"Ule mkoba nilimvalisha mimi," Grady alisema. "Nilimfunga kamba mwenyewe. Niliweka kitabu cha kemia, kile kizito. Unajua nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza, nimemlinda. Nikaenda kulala nikijiona mtu mwema."

"Mimi nilikuwa…"

"Harusini. Tunajua, bwana. Mji mzima unajua ulikuwa harusini." Hakusema kwa hasira, alisema kwa uchovu. "Lakini mwaka wako wewe, chupa ulikunywa. Nilikuona. Ulimaliza, ukatapika kwenye ndoo, ukaimba. Na Tobin alipokuja akiogopa, alimwendea nani? Mimi? Alikuendea wewe, kwa sababu wewe una sauti ya upole. Ukamwambiaje?"

Everett aliyatazama maji yaliyokuwa yakijiziba taratibu pale gurudumu lilipong'olewa. Alilikumbuka lile swali la Tobin, na mahali waliposimama, na harufu ya majani makavu. Alikumbuka kwamba alicheka, akampiga begani. Usiogope, alimwambia. Ni usiku mmoja tu.

"Sikulaumu," Grady alisema. "Ila ukiisema habari ya harusi mara nyingine, nitakutupa kwenye hiki kijito."

Jumatatu walikusanyika sebuleni. Kura za udugu ule hupigwa kwa gololi: nyeupe ni kukubali, nyeusi ni kukataa, na moja nyeusi yatosha kumzuia mtu. Kasha lilizunguka likiwa limefunikwa kitambaa. Lilipofika kwa Grady aliondoa kitambaa, akaitumbukiza nyeusi mbele ya macho ya wote.

"Sijifichi," alisema. "Mkimpa beji ya udugu mtakuwa mnasema alifaulu. Kwamba kile kilikuwa mtihani, naye kaupita. Kisha sisi tutapumua. Mimi ndiye nitakayepumua kuliko ninyi nyote, na ndiyo maana sitaki."

"Hili si kwa ajili yetu," Everett alisema. "Uko sahihi, Grady, kwa kila neno. Lakini sina kingine cha kumpa anachokitaka. Nimekitafuta."

Grady alisugua uso kwa viganja, muda mrefu, kama anayenawa. Kisha akafungua beji yake kifuani, ile ngao ndogo ya dhahabu, akaiweka mezani.

"Basi pigeni tena mimi nikiwa sipo. Na mumpe hiyo. Msimnunulie mpya." Alipanda ghorofani, wakasikia makabati yakifunguliwa. Walipiga tena, na gololi zote zikawa nyeupe. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Alirudi kwa baba yake huko Muncie, na tangu hapo, kwa ninavyojua, hajakanyaga tena mji wetu.

Everett mwenyewe alimpigia Bwana Boyce simu.

"Ukimwapisha umempa wakili wao mkuki," Boyce alisema.

"Nao nitampa, mzee. Wakiniita mahakamani nitakwenda, na nitasema yote tuliyokuwa tukiyafanya humu, kuanzia mwaka wangu."

"Hukuwepo usiku ule! Ndiyo nguvu yetu, wewe hukuwepo!"

"Nilikuwepo kabla," Everett alisema.

Kiapo kilifanyika Jumapili ya kwanza ya Mei, mchana, madirisha yote yakiwa wazi, jambo lisilowahi kufanyika. Nyasi zilikuwa zimekatwa, na kutoka mashambani kulikuja harufu ya ardhi iliyolimwa. Sheria za udugu haziruhusu mgeni kuona kiapo. Everett alishuka mwenyewe hadi barabarani, akafungua mlango wa gari. Marlene alikaa muda, mikono kwenye usukani. Kisha akazima injini.

Aliingia akiwa ameukumbatia mkoba wake kifuani, akasimama karibu na mlango. Macho yake yalitafuta ngazi za kushukia chini, yakazipata, yakakaa hapo.

Wanagenzi walisimama mstari mmoja. Kiapo ni kirefu, na Tobin alikuwa akipoteza maneno kabla hayajamfika ulimini. Kijana aliyesimama kando yake, Micah Dorsett, wa mwaka wa kwanza, mwenye miwani na chunusi, alianza kumnong'oneza vipande vidogo vidogo, nao wengine wakapunguza mwendo wakamngoja, hivi kwamba kiapo kile kilichukua mara tatu ya muda wake. "Kumlinda ndugu yangu," Micah alinong'ona. "Kumlinda ndugu yangu," Tobin akasema kwa sauti kuu. "Katika shida na raha." "Katika shida na raha."

Everett alimbandika beji. Pini ilimchoma kidole cha mkono wake, ule mkono uliokuwa na sifa. Tobin aliitazama ngao kifuani pake. Aliifunika kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

Chakula kilikuwa kingi siku hiyo, maana wazazi wa wanagenzi wapya nao walialikwa: paja la nguruwe, viazi, maharage mabichi, na keki kubwa yenye sukari nyeupe juu. Marlene alikubali kukaa. Tobin alikuwa kati yake na Micah. Alikula vizuri, akasimulia habari ya mbuzi na bendera, watu wakacheka. Kisha akamgeukia Micah, akamgusa mkono kwa siri ambayo kila mtu aliisikia.

"Na wewe? Yako ulimaliza?"

"Yangu nini?"

"Chupa. Kule chini."

Micah alimtazama mama yake, upande wa pili wa meza. "Sikupewa chupa."

"Hawajakupa bado?" Tobin alitabasamu kwa huruma, tabasamu la mkubwa kwa mdogo. "Usiogope, mdogo wangu. Ni usiku mmoja tu. Mimi sasa ni ndugu kamili, nitakaa karibu yako. Nitakushikia kichwa."

Mama yake Micah aliweka kikombe chini bila sauti. Marlene hakumtazama mwanawe wala Micah. Alimtazama Everett, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa yakingoja.

Everett aliinuka, akavuta kiti, akakaa mbele ya Tobin magoti yakikaribia kugusana. Muhula wote walikuwa wamesema "tukio". Walisema "lile jambo la Novemba". Alitaka sasa kusema "wewe". Neno lilifika kwenye meno, likagonga, likarudi.

"Hakuna chupa tena, Tobin," alisema. "Ngoja nikwambie kwa nini. Alikuja hapa kijana mmoja. Mtu mzuri. Aliogopa, akaniuliza mimi, na mimi nikamwambia asiogope." Akasimulia yote, sauti yake ikiwa ileile ya upole ila sasa aliisikia mwenyewe: chumba, wiski, makofi, kochi, mkoba wenye vitabu, watu kwenda kulala. Hakuruka kitu isipokuwa jina. Wazazi walisikiliza. Wanagenzi wapya, ambao walikuwa wameambiwa nusu ya nusu, walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Micah alivua miwani yake, akaishika.

Tobin alikuwa amekunja uso kwa makini, kiganja kikiwa bado juu ya beji.

"Akafa?" aliuliza.

"Hapana."

"Afadhali." Alishusha pumzi. Kisha kivuli kikampita usoni. "Maskini. Na mama yake je?"

Nje mtu alikuwa akiendesha mashine ya kukata nyasi, ikaja karibu, ikaenda mbali. Marlene alinyoosha kitambaa cha meza mbele yake, akanyoosha tena pale palipokuwa pameshanyooka.

"Mama yake yupo," alisema.

"Analia?"

"Siku hizi si sana."

Tobin alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa mambo hayo. Akaivuta keki karibu, akatafuta kisu. "Basi tumwekee kipande," alisema. "Mtampelekea."

Alianza kukata. Kisu kiliteleza kwenye sukari, kikaingia, kikakwama, kikaingia tena. Everett alisogeza sahani, akaishika kwa mikono miwili, akangoja.